Sheria za geti zimebadilika, nani amezisoma?

Siku chache kabla ya Krismasi ya 2017 nilisimama Njia Panda ya Himo saa kumi na mbili asubuhi, kibodi imechomoza kwenye kikapu changu cha sokoni. Anayeijua Himo anajua Desemba ya pale. Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanarudi nyumbani kwa mkupuo, mabasi yanamwaga watu na mabegi barabarani, na nauli ya Noah za Marangu inapangwa kwa jinsi konda alivyoamka. Nikabanwa kiti cha nyuma, kati ya mama mwenye kreti ya soda na kijana aliyepakata jogoo. Kijana aliitazama ile kibodi mpaka gari lilipoanza kupanda mlima, kisha akauliza, "Mama, hicho ni kinanda?" Nikamjibu ndiyo, nawapelekea kwaya.

Ukweli ungemaliza safari nzima. Usiku uliotangulia, nikiwa nimekaa nyumbani kwangu Himo, nilikuwa nimekata intaneti ya shule ya sekondari huko juu na kujifungia nje mimi mwenyewe, kwa kuandika neno moja ambalo nilishaliandika mara mia kabla ya hapo bila madhara.

Mimi ni fundi wa mitandao. Nilianza na kibanda cha intaneti karibu na stendi, kompyuta sita, enzi ambazo watu walipanga foleni kuangalia matokeo ya kidato cha nne kwa shilingi mia tano. Simu za mkononi zilipoua biashara ile, nikahamia kutunza mitandao ya wengine: shule, SACCOS, nyumba za wageni, duka la dawa za mifugo. Hadi leo Himo wananiita Mama Intaneti, hata wale wanaonidai.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni fayawoli. Vitabu vingine huiita ukuta wa moto, jina linalomfanya mtu wa kwetu afikirie kuchoma shamba. Mimi huwaambia wateja ni askari wa getini. Kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wako kinapita mbele yake, naye ana orodha ya maagizo. Huyu apite. Huyu arudishwe. Huyu asijibiwe kabisa, asijue hata kama kuna mtu ndani. Askari huyu hana akili ya ziada wala huruma. Anasoma orodha kutoka juu kwenda chini, na agizo la kwanza linalomhusu mgeni ndilo linaloamua.

Pale shuleni, askari wangu alikuwa kompyuta kuukuu ya mezani iliyokaa stoo ya Sista wa shule hiyo, pembeni ya magunia ya mchele, ikiendesha mfumo wa Linux uitwao Debian na programu inayoitwa Shorewall. Niliipenda sana programu ile. Aliitengeneza Mmarekani mmoja, Tom Eastep, kuanzia mwaka 2001, akaipa jina kutokana na mji wake wa Shoreline, jimbo la Washington. Bila yake ilibidi uandike maagizo ya fayawoli kwa lugha ya iptables, mistari mirefu yenye vistari na herufi ambazo ukikosea moja umefungua nyumba. Shorewall ilikuruhusu kusema kama unavyozungumza na askari: hapa ni nje, hapa ni ndani, hapa ni ofisi ya mhasibu, wa nje asiingie ndani, wa ndani atoke. Programu yenyewe ndiyo iliyokwenda kuyatafsiri hayo kwa iptables.

Mwaka huo nilitumia likizo ya Desemba kuihamisha kompyuta ile kutoka Debian 8 kwenda Debian 9. Pamoja na uhamisho huo Shorewall nayo ikapanda, kutoka toleo la 4.6 hadi la 5.0. Niliona namba zimebadilika nikafurahi, kama mtu aliyenunuliwa viatu vipya. Sikusoma kitu.

Lililobadilika ni hili. Katika matoleo ya zamani, ukiandika "restart", Shorewall ilipakia maagizo mapya juu ya yale ya zamani, geti likabaki na askari wake muda wote. Kuanzia toleo la 5.0, neno hilohilo lilimaanisha simama kwanza kabisa, kisha anza upya. Kazi ya zamani ya "restart" ikapewa neno jingine, "reload". Askari aliyekuwa akibadilishiwa karatasi mkononi sasa alipelekwa nyumbani kwanza, ndipo aitwe tena.

Nikaandika "restart" kwa kidole kilichozoea. Askari akaenda nyumbani. Alipoitwa hakurudi, kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika mwenyewe mwaka 2012, ambao mfumo mpya haukuukubali. Shorewall ikisimama hivyo hufunga geti kwa kila mtu isipokuwa waliotajwa kwenye faili maalumu la wakati wa kusimama. Mimi nilikuwa nimejitaja, zamani sana, kwenye faili lililoitwa "routestopped". Toleo la 5.0 halikulisoma tena faili hilo. Lilisoma jingine, "stoppedrules", ambalo kwangu lilikuwa tupu.

Kulikuwa na wavu mmoja wa mwisho, na hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Eastep aliweka chaguo linaloruhusu mawasiliano yaliyokwisha kufunguliwa yaendelee hata fayawoli ikisimama, ili fundi aliye mbali asijikate mguu. Chaguo hilo alilipa jina ADMINISABSENTMINDED, yaani msimamizi ni msahaulifu. Jibu lake ni ndiyo au hapana, na kwenye mfano wa programu huja likiwa ndiyo. Mimi, binti wa Kichagga niliyesoma kwa taabu na kufungua biashara yangu mwenyewe, nilipoulizwa na programu kama mimi ni msahaulifu, nikaandika hapana.

Kioo kikaganda. Nilikaa dakika kumi nikibonyeza kitufe cha Enter kama anayegonga mlango wa nyumba ambayo mwenyewe ndiye aliyeifunga na ufunguo uko ndani.

Sista alinipokea getini saa mbili asubuhi. "Tumsifu Yesu Kristo, Mama." "Milele amina, Sista." Alikuwa na fomu za kujiunga kidato cha kwanza za kuwatumia wazazi siku hiyohiyo, na wazazi wameshaanza kupiga simu. Hakunigombeza. Alinipa chai na ndizi za kuchemsha, akanifungulia stoo. Nilichomeka kibodi, nikarekebisha, nikamaliza kwa dakika ishirini. Halafu nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya wiki moja kabla: nikakaa juu ya gunia la mchele na kusoma maelezo ya toleo.

Maelezo ya matoleo ya Shorewall yalikuwa na mpangilio wa kudumu. Sehemu ya kwanza, matatizo yaliyorekebishwa. Ya pili, matatizo yanayojulikana ambayo bado yapo. Ya tatu, mambo mapya. Ya nne, mambo ya kuangalia unapohama kutoka toleo la zamani. Kila kilichonipata usiku ule kilikuwa kimeandikwa humo. Neno "restart" lilikuwemo. Faili lililoachwa lilikuwemo. Hata dawa ilikuwemo: amri ya "shorewall update", inayochukua mafaili yako ya zamani na kuyageuza yaendane na toleo jipya. Mstari mmoja tu, na nisingepanda Noah.

Tangu siku hiyo nasoma sehemu ya nne kwanza. Nimewafundisha vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo nao waanzie hapo, na wananiona mzee wa mambo. Kijana akisikia toleo jipya limetoka anakimbilia mambo mapya, kama watu wanaosoma mwaliko wa harusi wakitafuta ukumbi na kuruka mstari unaosema mchango ni lini.

Sasa nataka nizungumze na wajumbe wa bodi za shule, wenyeviti wa SACCOS, mapadri na wachungaji wenye zahanati, na wenye hoteli za watalii kuanzia Marangu mpaka Moshi mjini. Ninyi si watu msiojua mabadiliko ya sheria za geti. Tunaishi barabara ya kwenda Holili, mpakani na Kenya. Machi 5 ya mwaka 2021, siku ya Ijumaa, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Jirani yangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Gari lake lilikuwa limeshapakiwa. Jumatano, Machi 10, katazo likaondolewa, lakini geti halikurudi kama lilivyokuwa. Muagizaji sasa alitakiwa awe ameandikishwa. Shehena ilitakiwa iwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, pamoja na cheti cha mahali mahindi yalikotoka.

Angalieni tofauti ya barua hizo mbili. Ya kwanza ni agizo moja: mahindi, zuia. Ya pili ni agizo lenye masharti: mahindi, ruhusu, kama hivi na hivi na hivi. Ndivyo fayawoli inavyoandikwa, na ndivyo inavyobadilika. Jirani yangu hakusikia neno "limefunguliwa" akawasha gari. Alikwenda kwa wakala wake wa forodha akauliza imeandikwaje, aliipata karatasi, aliisoma mara mbili, akampa na mwanawe wa chuo naye aisome. Kwa mahindi yake alikuwa na msomaji anayelipwa. Mtandao wa ofisi yake hiyohiyo, wenye hesabu za miaka minane, uliendeshwa na kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa tangu kilipofungwa ukutani.

Visanduku hivyo vya ukutani, katika mji wetu, mara nyingi ni MikroTik. Kampuni hiyo iko Riga, Latvia, tangu 1996, na ruta zake zimeenea kwa sababu bei yake inabebeka na zinafanya kazi ya mashine za gharama kubwa. Aprili 2018 kampuni ilitoa toleo lililoziba tundu baya katika Winbox, ile programu tunayotumia kuzisimamia. Kupitia tundu hilo mtu aliye popote duniani aliweza kuchota majina na nywila za wasimamizi bila kubisha hodi. Kiraka kilikuwepo. Kilikuwa bure. Agosti mwaka huohuo ruta kwa makumi ya maelfu, kwanza nchini Brazil, zilikutwa zimetekwa na kufanywa vibarua wa kuchimba sarafu ya kidijitali kwenye kompyuta za watu waliokuwa wakisoma habari tu. Idadi ikapanda hadi zaidi ya laki mbili. Zaidi ya miezi mitatu ilikuwa imepita tangu kiraka kitoke.

Kuna kisa cha mwaka ule ambacho nakipenda kuliko vyote. Oktoba, mzungumzaji mmoja wa Kirusi alijitokeza akidai kuwa ameingia mwenyewe kwenye ruta zipatazo laki moja za watu asiowajua, akaongeza agizo la fayawoli la kuzuia wageni wa nje, na kuacha ujumbe wa maelezo na namna ya kumpata. Kwa maelezo yake, waliomtafuta hawakufika mia. Wachache walimshukuru, wengi walimtukana. Sitetei kuingia nyumba ya mtu usiku hata kama ni kwenda kumfungia dirisha. Lakini fikiria: laki moja ya mageti, yamebadilishiwa sheria na mgeni, na karibu wenyewe wote hawakuona kitu.

Wapo walioziba tundu lile wakadhani yameisha. Septemba 2021 jeshi la mashine lililopewa jina Mēris, neno la Kilatvia lenye maana ya tauni, likaishambulia kampuni ya Yandex ya Urusi kwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde. MikroTik ilieleza kuwa ruta zilizotumika ni zilezile zilizovamiwa 2018. Baadhi zilikuwa zimeshasasishwa. Programu ilikuwa mpya, lakini nywila zilizoibwa zilikuwa zilezile, na maagizo yaliyopachikwa na wezi yalikuwa bado yamekaa kwenye orodha, yakitekelezwa kwa utiifu na askari mwenye sare mpya.

Nalirudia hili kwa wateja hadi wananichoka: kusasisha programu hakusasishi maagizo yako. Toleo jipya la RouterOS, programu inayoendesha ruta za MikroTik, linaweza kuja na orodha bora ya kuanzia, lakini ukipandisha ruta yako ya zamani orodha hiyo haiingii. Unabaki na ile uliyoandika wewe, au aliyoandika fundi aliyehamia Dodoma, au aliyoandika mwizi. Ruta mpya za siku hizi zinakuja na nywila iliyochapwa kwenye kibandiko. Ile yako ya zamani, iliyotoka kiwandani ikiwa na "admin" bila neno lolote la siri, haitaota kibandiko kwa sababu umebonyeza kitufe.

Najua majibu mawili nitakayopewa. Vijana watasema, Mama, weka ijisasishe yenyewe usiku, dunia imeshahama huko. Wazee wa fani watasema, kinachofanya kazi usikiguse. Nimewasikiliza wote, na naona wanakubaliana kuliko wanavyodhani: mmoja habonyezi kitufe, mwingine ameiachia saa ya ukutani ibonyeze, na wote wawili hawasomi. Kwa simu yako ya mkononi, sawa, ijisasishe. Kwa geti la shule yenye wanafunzi mia sita, anayebadilisha orodha aijue iliyokuwepo na inayokuja. MikroTik wenyewe hutoa matoleo kwa njia tofauti, moja ya wanaotaka mapya, nyingine ya wanaotaka kilichokaa muda mrefu bila vurugu, na wametuwekea hali ya usalama ambayo, mawasiliano yakikatika ukiwa katikati ya mabadiliko, ruta inarudisha yale ya mwanzo. Eastep naye alikuwa na amri ya aina hiyo. Waandishi wa programu hizi wanatufahamu vizuri. Wanajua sisi ni wasahaulifu, wengine tumekataa kukiri tu.

Wao nao nina neno nao. Kubadilisha maana ya neno lililozoeleka ni jambo zito. Wangeweza kuliacha "restart" lifanye lilivyofanya siku zote na kutunga neno jipya kwa kazi mpya. Najua sababu: programu nyingine nyingi zilikuwa zikilitumia neno hilo kwa maana ya kusimama na kuanza, na walitaka lifanane, hata waliweka chaguo la kurudisha maana ya zamani kwa asiyependa. Ni sababu nzuri ukiwa Shoreline. Ukiwa Himo na modemu, shule iko mlimani, sababu hiyo ina nauli. Tena nyaraka zote hizo ni za Kiingereza cha ndani cha fani, na fundi wetu wa kidato cha nne anazipita kama anavyopita masharti ya mkopo wa simu.

Na vifaa vyenyewe havitulii. Linux pekee imetubadilishia chombo: ipchains mwaka 1999, iptables 2001, kisha nftables iliyoingia kwenye kiini chake Januari 2014 na kuwa chaguo la kawaida la Debian mwaka 2019. Shorewall ilijengwa juu ya iptables na haikuhamia. Februari mwaka huohuo wa 2019 Tom Eastep alitangaza kuwa toleo la 5.2.3 ndilo la mwisho atakalolitoa, anastaafu. Nilisoma tangazo lile mezani kwangu Himo na, sitaki kuficha, nilihisi kama fundi baiskeli wa mtaani kwetu amefunga kibanda. Miaka 18 mtu mmoja alikuwa akitoa matoleo, na kila toleo akikaa kuandika sehemu nne za maelezo kwa watu ambao wengi hawakuzisoma. Shule ya Sista niliihamishia kwenye MikroTik mwaka uliofuata.

Nirudi kwa wenye mamlaka ya fedha. Mwaka jana nilipeleka ankara kwa SACCOS moja ninayoihudumia, kazi ya siku mbili: kusoma maelezo ya toleo, kupitia orodha ya maagizo, kuchukua nakala, kusasisha, kujaribu. Mwenyekiti aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Mama, kwani imeharibika?"

"Haijaharibika, Mwenyekiti."

"Sasa hapa tunalipia nini?"

"Kusoma."

Akacheka, na mhasibu naye akacheka kwa kuwa mwenyekiti amecheka. Walilipa siku moja. Ningekuwa nimekuja na kisanduku kipya chenye antena nne wangelipa chote bila kuuliza, na picha tungepiga.

Hapo ndipo ninapotaka tubadilike. Katika bajeti ya mwaka ya kila taasisi yenye mtandao, uwepo mstari mmoja wa siku mbili za fundi, Juni na Desemba, kwa kusoma na kurekebisha. Usiitwe matengenezo, maana neno hilo linasubiri kitu kiharibike. Uitwe mapitio ya fayawoli, ujulikane hivyo na mkaguzi. Fundi akimaliza aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nini kimebadilika na nini kimefungwa, na mkuu wa taasisi ausaini. Akishindwa kuuandika kwa Kiswahili kinachoeleweka na mkuu wa shule, hajaelewa alichofanya, na siku mbili zake zisilipwe.

Anayeona hili ni anasa akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Majina ya wanafunzi, namba za simu za wazazi, vipimo vya wagonjwa wa zahanati, akiba za wanachama, vyote hivyo ni taarifa za watu, na anayezikusanya ndiye anayewajibika kuzilinda. Siku taarifa hizo zikivuja, kusema "fundi alifunga zamani" hakutamsaidia mwenyekiti.

Kwangu mimi nimeanza na daftari. Ni kaunta buku la kawaida, kwire mbili, moja kwa kila mteja, na linakaa kwa mteja si kwangu. Kila agizo la fayawoli lina mstari wake: linaruhusu nini, liliwekwa lini, aliliomba nani, na kwa kazi gani. Agizo lisilo na mwenye kuliombea linapigwa alama nyekundu, linasubiri muhula mmoja, asipojitokeza mtu linafungwa. Sista amelifunika la kwake kwa karatasi ya kaki kama daftari la mwanafunzi na kuandika juu yake kwa mwandiko mzuri, "Geti".

La shule ile lina maagizo 31. Manne yana alama nyekundu. Moja kati ya hayo manne linaruhusu mtu wa nje kufika kwenye kompyuta ambayo iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 2019, na limeandikwa kwa mkono wangu.